Mti na Siri Zake

Wahenga walisema, penye miti hapana wajenzi. Methali hii hutumika kuwasuta watu waliojaliwa neema wasijue kuitumia, na msafiri anayekwenda Mpanda kwa reli kutoka Kaliua yawezekana akaikumbuka njiani. Kwa mwendo wa kilomita zipatazo 210 anachokiona kwa wingi dirishani ni miti: miyombo na mitundu, mininga na mikora, mti baada ya mti, mpaka macho yanachoka. Hata hivyo, kwa upande wa Mpanda methali hiyo yahitaji kusahihishwa kidogo. Wajenzi walikuwapo, na wengine wengi walikuja baadaye. Kila walichokijenga, iwe reli, mgodi, makazi ya wakimbizi au mji wenyewe, kilianza kwa mtu kusimama chini ya mti akiwa na shoka mkononi.

Historia imeandika walichokijenga. Katika kurasa hizi ningependa, msomaji wangu, tuutazame ule muda mfupi unaotangulia ujenzi, yaani muda ambao mti haujaanguka bado lakini umekwisha kuanza kukatwa. Ni dakika chache tu. Lakini katika dakika hizo watu wamevunjika miguu, wamepofuka macho na wamekufa, na aghalabu mauti yao huelezwa kwa sentensi moja: aliangukiwa na mti. Sentensi hiyo ni ya kweli lakini haitoshi. Mara nyingi aliyekufa hakuangukiwa na ule mti aliokuwa akiuogopa. Aliuawa na kitu kingine ambacho mti ulikuwa umekificha.

Yafaa tuanze na mti wenyewe. Mti uliosimama huonekana umetulia, na kwa sababu hiyo mtu huuchukulia kama nguzo. Kumbe mti ni mzigo ulioinuliwa juu na kushikiliwa huko kwa miaka mingi. Chukua gogo lenye urefu wa mita 2 na unene wa sentimita 30. Likiwa bichi, na ikiwa uzito wake unalingana na ule wa maji, kama ilivyo kwa miti yetu mingi migumu, litakuwa na kilo 140 hivi. Hicho ni kipande kimoja cha tawi, wala si mti. Mti mzima una tani kadhaa, na uzito huo haukugawanyika sawasawa. Upande mmoja umeegemea kwenye mwanga, upande mwingine umekatwa na moto wa miaka iliyopita, na katikati mchwa wamekwisha kula moyo wa mti bila gome kuonyesha dalili yoyote. Anayekata mti anafungua mzigo ambao hakuufunga yeye, na ambao mafundo yake hayaoni.

Watu wa asili wa nchi hii, Wabende, Wakonongo, Wapimbwe na majirani zao, walilijua jambo hili kwa njia ya kazi zao. Nchi za Inyonga na Mpanda zimesifika kwa asali, na mrina asali ni mtu anayeishi na miti kwa namna ambayo mkulima haishi nayo. Huibandua magome atengeneze mizinga, huipanda usiku akiwa na moshi, na huitafuta ile yenye uwazi ndani kwa kuwa nyuki wa porini hujenga humo. Mtu wa namna hiyo hahitaji kuambiwa kwamba mti unaweza kuwa mtupu ndani. Huugonga kwa kisogo cha shoka na kusikiliza. Mti mzima hutoa mlio mkavu na mfupi. Mti uliooza moyo hutoa mlio mzito kama ngoma. Kisha huinua macho atazame kama nyuki wanaingia na kutoka, na kama juu kuna tawi lililokauka lisilo na majani.

Hapo tumekwisha kuzitaja siri tatu za kwanza za mti, nazo zinastahili kufafanuliwa. Ya kwanza ni uwazi wa ndani. Mkata miti hodari kwanza huchonga kinywa upande anaotaka mti uangukie, kisha huzunguka nyuma na kukata kuelekea kile kinywa, akiacha ukanda mwembamba wa mti usiokatwa katikati. Ukanda huo hufanya kazi kama bawaba ya mlango: mti hugeuka juu yake na kushuka polepole kule ulikoelekezwa. Lakini mti ulio mtupu hauna bawaba. Kile alichodhani ni mti mgumu ni ganda tu, nalo huvunjika kabla ya wakati na kuuachia mti uende utakako. Tena, katika misitu ya miombo moto hupita karibu kila kiangazi, na miti mingi ina kovu la kuungua chini, upande mmoja. Kovu hilo huifanya miti iangukie upande ambao mkataji hakuutegemea.

Siri ya pili ni tawi kavu. Kila pigo la shoka husafiri kwenye shina hadi kileleni, na tawi lililokufa zamani, likiwa limeshikwa na nyuzi chache, hutikisika na kukatika. Halitoi mlio wa kuonya kama shina linavyolia. Hushuka kimya kimya juu ya kichwa cha mtu aliyeinama. Wakata magogo wa Marekani, ambako kazi hii imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa zile zinazoua wafanyakazi wengi zaidi kwa kulinganisha na idadi yao, huliita tawi hilo kwa jina lenye maana ya mtengeneza wajane. Jina hilo halihitaji maelezo, na lingeeleweka Inyonga kama linavyoeleweka kwao.

Siri ya tatu ni nyuki. Nyuki wa kwetu ni wakali, na hawapendi mtikisiko. Mtu aliyeko juu ya mti au aliyeshika msumeno hana pa kukimbilia, na akikimbia bila kutazama hujikuta chini ya mti uleule aliouacha nusu umekatwa.

Kadhalika kulikuwa na desturi ambayo hata leo yaonekana katika mashamba mapya sehemu nyingi za miombo: mti mkubwa haukatwi, bali hubanduliwa gome kwa kuzungushwa ili ufe ukiwa umesimama, na mkulima hupanda mahindi chini yake. Ni njia inayookoa jasho. Mkulima hasimami chini ya mti unaoanguka siku ile. Lakini deni halikufutwa, limeahirishwa tu. Mti uliokufa humwaga matawi yake kidogo kidogo kwa miaka kadhaa, na mama anayepalilia na mtoto aliyelazwa kivulini ndio wanaolilipa.

Sasa tuje kwenye wakati ambapo miti ilianza kukatwa kwa wingi usiopimwa kwa shamba la mtu mmoja. Historia ya reli ya Mpanda haieleweki vyema bila kuanzia mbali kidogo, kwenye Mpango wa Karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ujumbe wa wataalamu ulioongozwa na John Wakefield, aliyepata kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, uliizunguka nchi kwa muda wa wiki 9, na sehemu kubwa ya ukaguzi ulifanywa kutoka kwenye ndege. Wakapendekeza kufyeka ekari 3,210,000, nyingi zikiwa Tanganyika, katika maeneo ya Kongwa, Nachingwea na Urambo. Urambo iko kwenye Reli ya Kati, karibu na Kaliua, katika misitu ileile ya miombo inayoendelea hadi Mpanda.

Mtu anayeutazama msitu kutoka angani huona rangi moja ya kijani. Hauoni mti. Kazi ilipoanza Kongwa mwaka 1947 kwa matrekta na mabuldoza, msitu ulijieleza wenyewe. Vichaka viliinama mbele ya mashine na kuinuka tena nyuma yake. Mizizi ilivunja majembe. Mibuyu mikubwa iliyosukumwa ilikuwa na makundi ya nyuki matumboni, na nyuki hao wakawavamia madereva, baadhi yao wakaishia hospitali. Vifaru vya vita aina ya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta, na minyororo ya nanga za meli ikafungwa kati ya mashine mbili ili kuikokota miti na kuiangusha kwa safu. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa karanga zilikuwa 7,500 hivi. Serikali ya Uingereza iliuachilia mpango ule mwezi Januari 1951, ikiwa imekwisha kupoteza zaidi ya paundi milioni 36.

Makosa ya mpango huo yamejadiliwa sana: udongo, mvua, vipuri, haraka. Mimi nalitazama moja dogo ambalo husimuliwa kama kichekesho, yaani zile nyuki za mibuyuni. Kwa Mgogo wa Kongwa nyuki kuwamo ndani ya mbuyu halikuwa jambo la kushangaza hata kidogo. Mtoto anayechunga mbuzi angeweza kulisema. Lakini mpango uliwekwa kwa ekari, na ekari haina tumbo wala haina nyuki. Mwenye kuhesabu ekari hana sababu ya kuugonga mti mmoja na kusikiliza.

Katika miaka ileile reli ilikuwa ikijengwa kutoka Kaliua kuelekea kusini. Madini ya risasi yalikuwa yamegunduliwa Mpanda, na bila reli yasingeweza kufika bandarini. Njia ilikamilika mwaka 1950. Mgodi ulitoa risasi, pamoja na fedha, shaba na dhahabu kiasi, hadi ulipofungwa mwaka 1960. Kwa hiyo Mpanda ilipata uhai wa mji kwa miaka 10 ya mgodi, na baadaye ikabaki na reli ambayo haikuwa na mzigo ule iliyojengewa.

Reli msituni hudai njia iliyosafishwa pande zote mbili, na hapa tunakutana na siri ya nne. Miti iliyosongamana haianguki peke yake. Mmoja hukatwa, ukaegemea mwenzake na kubaki umening'inia, chini umeachana na kisiki, juu umekamatwa na matawi. Kwa macho ya mtu aliyechoka, mti huo umekwisha. Kwa kweli ndio kwanza umekuwa hatari. Ukiukata ule unaouzuia, miwili itashuka pamoja. Ukiupanda uutikise, utashuka nawe. Ukiuacha na kwenda kula, upepo wa alasiri utaushusha juu ya yeyote apitaye. Njia iliyo salama ni kuuvuta kwa kamba ndefu au kwa mashine ukiwa mbali, na hadi hapo mtu yeyote asipite chini yake. Isitoshe, miti mingi ya kando ya mito imefungamana kwa mitambaazi ambayo haionekani vizuri kutoka chini. Unakata mti huu, mtambaazi unavuta tawi la mti ule, na tawi linamwangukia mwenzako aliyejitenga akidhani amejiepusha.

Ndiyo maana wanaofundisha kazi hii husisitiza kwamba kati ya mkataji na mtu mwingine uwepo umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa mti. Mti wa mita 15 wadai mita 30 kila upande. Kanuni hiyo ni nyepesi kuitamka, lakini ni nzito kuitii pale watu wengi wanapofyeka mahali pamoja kwa wakati mmoja, na hali hiyo ndiyo iliyoijia Mpanda miaka ya 1970.

Mwaka 1972 mauaji makubwa yalitokea Burundi, na maelfu ya watu, wengi wao Wahutu, walikimbilia Tanzania. Serikali iliamua kuwapa ardhi badala ya kuwaweka kambini bila kazi. Makazi ya Katumba, karibu na Mpanda, yalianza mwaka 1973, na ya Mishamo yakafuata mwaka 1978, kwa ushirikiano wa Serikali, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi na shirika la Kikristo lililojulikana kwa kifupi kama TCRS. Barabara zilichongwa, vijiji vikapimwa, kila familia ikapewa kipande cha msitu, pamoja na zana za mkono na chakula cha kuanzia. Kilichobaki kilikuwa juu yao.

Hebu fikiri, msomaji wangu, juu ya mtu aliyezaliwa kwenye vilima vya Burundi, kwenye migomba na mibuni, ambako watu wamebanana na misitu mikubwa ilikuwa imebaki kwa uchache. Amepoteza ndugu, amevuka mpaka, na sasa ameonyeshwa miti ya miombo, mirefu, migumu, ambayo majina yake hayajui. Jirani yake yuko kwenye kipande kinachofuata, naye anakata. Mvua inakaribia. Asipofyeka mwaka huu, mwaka ujao atakula nini? Katika hali hiyo mtu hana muda wa kuugonga kila mti na kusikiliza, na wala hapana mrina asali karibu wa kumfundisha. Hata hivyo walifyeka. Katika miaka michache Katumba na Mishamo zililisha wakazi wake na kuuza ziada ya mahindi, maharage na tumbaku. Mwaka 2014 Serikali ilitangaza kuwapa uraia zaidi ya watu 160,000 miongoni mwa wakimbizi wale wa 1972 na uzao wao. Nafikiri ni haki kusema kwamba uraia huo ulianza kulipiwa kwa shoka, na kwamba sehemu ya malipo hayo ni vidole, miguu na migongo ya watu ambao hapana bamba la kumbukumbu lililowekwa kwa ajili yao.

Baada ya shoka ukaja msumeno wa mnyororo. Mjerumani Andreas Stihl alitengeneza msumeno wake wa kwanza wa umeme mwaka 1926, na ule wa petroli mwaka 1929, lakini vijijini kwetu kwa muda mrefu mbao ziliendelea kupasuliwa kwa msumeno wa mkono. Gogo la mninga huwekwa juu ya shimo, mpasuaji mmoja hukaa juu na mwingine huwa chini shimoni, unga wa mbao ukimmwagikia machoni. Hatari ya kazi hiyo ni gogo kujiviringisha na kumfuata yule wa chini, asiyekuwa na mlango wa pili. Ndiyo sababu wenye busara hulifunga gogo na kulikaza kwa kabari kabla hata ya kupiga mstari wa kwanza.

Msumeno wa mashine umeondoa jasho, haukuondoa siri. Tena umeongeza nyingine. Shoka humpa mkataji nafasi: kati ya pigo na pigo husikia mti ukilia, huona ufa ukianza, husita. Mashine inaunguruma na kuziba masikio yote mawili. Inakata kwa sekunde kile ambacho shoka lilikata kwa nusu saa, na hivyo huufikia ufa kabla ya jicho kuuona. Mti ulioinama sana, ukikatwa kwa pupa kutoka nyuma, hupasuka wima kwa kishindo, nusu yake ikainuka nyuma kama teke la punda na kumpiga mkataji kifuani. Na ncha ya juu ya upanga wa msumeno ikigusa kitu kigumu, chombo chote hurushwa nyuma kuelekea usoni kwa kasi ambayo mkono wa binadamu hauwezi kuizuia.

Hata mti ukiwa chini haujafa. Gogo lililolala juu ya kisiki limepinda kama upinde. Upande mmoja nyuzi zake zimevutwa, upande mwingine zimebanwa. Ukikata ule uliobanwa, msumeno hung'ang'aniwa. Ukikata ule uliovutwa bila kujiandaa, gogo hukatika kwa ghafula na kuruka. Mti uliong'olewa na upepo pamoja na mizizi yake una mtego mbaya zaidi: shina likikatwa, kile kisiki chenye sahani ya udongo hurudi shimoni mwake kwa nguvu. Watoto hupenda kuingia katika shimo hilo. Wasiruhusiwe kamwe.

Mwaka 2012 Katavi ilifanywa mkoa, ikamegwa kutoka Rukwa, na Mpanda ikawa makao yake makuu. Mji ulipanuka, na kazi ya kukata miti ikahamia pia kwenye viwanja vya watu. Hapa mti unaoondolewa si mtundu wa porini bali ni mwembe wa nyumbani uliootea juu ya bati, au mti uliojipenyeza kwenye nyaya za umeme. Hauwezi kuangushwa mzima. Kijana hupanda na msumeno au panga, hufunga tawi kwa kamba, huipitisha kamba juu ya tawi jingine au kwenye kapi, na wenzake chini huishikilia ili kipande kishuke taratibu. Watazamaji hukusanyika, kwani ni kazi inayopendeza macho.

Hesabu ya kamba ni siri ambayo watazamaji hawaioni, na mara nyingi hata wafanyao kazi hawaioni. Turudi kwenye lile gogo letu la kilo 140. Likining'inia kwenye kamba iliyopita katika kapi, upande mmoja gogo huvuta kilo 140, na upande wa pili walioko chini huvuta kiasi kilekile ili kulizuia. Lile tawi lililofungiwa kapi hubeba pande zote mbili, yaani kilo 280. Tena, mzigo ukiachiwa ghafula, hata kama kamba ilikuwa imekazwa tayari, mvuto wake kwa nukta moja hufikia mara mbili ya uzito wake kabla haujatulia. Kwa hiyo, ukiacha msuguano, tawi la juu laweza kupokea kilo 560 kutokana na gogo la kilo 140. Na kamba ikiwa imelegea, gogo likaanguka mita moja kabla ya kuzuiwa, mvuto hupita hapo kwa mbali. Kijana aliyepanda amejifunga kwenye mti uleule. Tawi likivunjika, haanguki gogo peke yake.

Kamba nayo ina umri wake. Kamba ya katani, ambayo ni fahari ya nchi yetu, huoza ndani ikinyeshewa na kuanikwa mara kwa mara, ilhali nje yaonekana nzima. Kila fundo huipunguzia nguvu. Ile iliyovutia gari lililokwama matopeni mwaka jana si ya kumwamini leo kwa uhai wa mtu. Ipinde, ifungue nyuzi zake, itazame ndani na uinuse, kama vile mrina asali alivyougonga mti.

Utaniuliza, je, hakuna sheria? Zipo, na ni nzuri. Shirika la Kazi Duniani lilitoa mwongozo wa usalama katika kazi za misitu mwaka 1998. Tanzania ilitunga Sheria ya Misitu mwaka 2002 na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi mwaka 2003. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008 hulipa mfanyakazi aliyeumia kazini. Lakini sheria hizi humtazamia mtu mwenye mwajiri. Mkata mkaa, mpasua mbao wa siku mbili, kijana aliyeitwa na mwenye nyumba kwa makubaliano ya mdomo, mkulima wa tumbaku anayekata kuni za bani lake mwenyewe, hao mwajiri wao ni nani? Akivunjika mgongo, fidia yake ni mchango wa majirani. Na kwa kuwa hakudai popote, hahesabiwi popote. Hivyo hatari yenyewe hubaki imefichika, mti ukificha moja na daftari likificha ya pili.

Karibu na Ziwa Katavi, ndani ya hifadhi iliyotangazwa kuwa ya taifa mwaka 1974, kuna mkwaju unaoaminiwa kuwa ni makao ya roho ya Katabi, ambaye jina lake ndilo la hifadhi na la mkoa. Watu hufika na kuacha sadaka chini yake. Sitaki kumlazimisha mtu yeyote imani hiyo. Nachukua funzo moja tu: mtu anayeuendea mti akiamini kwamba ndani yake mna kitu, huenda polepole, huuzunguka, huinua macho juu, hutazama chini penye mizizi, na husimama kidogo kabla ya kunyoosha mkono. Tofauti yake na mtu wa ekari ni dakika hizo chache, na dakika hizo ndizo zinazookoa maisha.

Mpanda itaendelea kukata miti. Nyumba hujengwa, tumbaku hukaushwa, chungu lazima kichemke, na miembe ya zamani nayo huzeeka juu ya mapaa. Nisingependa makala haya yasomwe kama katazo. Ningependa anayemtuma kijana msituni au juu ya mwembe amwulize kwanza maswali ambayo warina asali wangemwuliza. Umeugonga? Umetazama juu? Nyuki je? Umeegemea wapi, na umeungua upande gani? Umeshikana na mti gani? Kamba ina umri gani? Utakimbilia wapi, na njia hiyo umekwisha kuifyeka? Maswali hayo yote huchukua muda usiozidi ule wa kunoa shoka. Na kama kijana hana majibu, mti na usubiri hadi kesho.